Bagamoyo hadi Ujiji kwa baiskeli: shajara ya mizigo

Maandalizi, Mei

Mwaka jana nilikuwa nafundisha kidato cha pili habari za misafara ya zamani. Nilichora ramani ubaoni: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Tabora, Ujiji. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, hao wapagazi walikuwa wanalala wapi?" Nikamjibu kambini. Akauliza tena, "Na maji walipewa na nani?" Kengele ikalia kabla sijapata jibu la kumtosheleza, na swali lile nimetembea nalo mwaka mzima.

Mradi umetoka hapo. Likizo hii ya Juni naendesha baiskeli peke yangu kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, takriban kilomita 1,250, nikiifuata njia ya misafara kadiri barabara za leo zinavyoruhusu. Kila usiku nitalala kwa watu nisiowajua. Gesti marufuku. Basi marufuku, labda niugue. Nitaomba vitu viwili tu, mahali pa kusimamisha hema na maji.

Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006, na imeandikwa humo kwa jina lake halisi, njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Nalitaja jina hilo makusudi. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Lakini waliofungwa minyororo nao walipita hapo hapo, wakishuka pwani kwetu. Sitaki kuandika juu ya ukarimu wa njia hii kana kwamba hilo nimelisahau.

Baiskeli ni mtumba kutoka Japani, tairi za inchi 26. Fundi wa mtaani kwetu aliikagua akaanza kupunguza vitu. Breki za diski akazitoa, akafunga za mpira. Gurudumu la nyuma akalifumua lote, akaweka spoku nene 36. Nilipomuuliza sababu akaniambia, "Dada, kitu ambacho fundi wa kijijini hawezi kukifungua, usikipeleke kijijini." Nadhani nitamkumbuka kila siku njiani.

Mzigo niliupima dukani: hema, blanketi, nguo, tyubu tatu, solusheni na viraka, pampu, sufuria, maji. Kilo 17. Hiyo ni kama frasila moja ya zamani, na mpagazi alibeba kama mbili, kichwani au begani, kwa miguu.

Mtendaji wa mtaa aliniandikia barua ya utambulisho. Akaniuliza anayenipokea huko niendako ni nani. Nikamwambia bado simjui. Alikaa kimya kidogo, kisha akaandika juu ya barua, "Kwa yeyote atakayempokea," akagonga mhuri.

Mama alinifungia sukari kilo mbili. Nikazirudisha jikoni. Nilitaka jaribio langu liwe safi, nisinunue wema wa mtu. Alinitazama akasema, "Utaingia nyumba ya mtu mikono mitupu, mwanangu?" Sikumjibu.

Siku ya 1. Bagamoyo – Msata, km 64

Nimeondoka Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, saa kumi na mbili asubuhi. Lami nzuri, bonde la Ruvu lina ukungu, upepo wa kusi unanipiga ubavuni.

Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba ya kujieleza. Nilipoelekezwa nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji, nilimkuta mkewe uani anamenya mihogo. Nikapiga hodi, nikaamkia, nikaanza: mimi ni mwalimu, natokea Bagamoyo, nina barua... Akanikatiza. "Baiskeli iegemeze pale. Umekula?"

Hema sikulifungua. Nimepewa kitanda cha binti wa nyumba, na yeye ametandika mkeka pembeni yangu. Nimekula muhogo wa nazi na chai ya rangi. Kulipokucha nilitafuta kwenye mabegi kitu cha kumwachia yule mama, nikakuta tyubu na viraka tu. Sijawahi kuaga nyumba ya watu kwa aibu kama ile.

Siku ya 2. Chalinze, km 40

Kabla ya kuuliza pa kulala nimepitia dukani: sukari kilo mbili, majani ya chai, sabuni za mche. Masharti yamebadilika siku ya pili tu. Mama alikuwa sahihi na nimempigia simu kumwambia hivyo. Niliita sukari malipo, nikasahau kwamba huku kwetu ni sehemu ya salamu. Ukiingia nayo, mwenye nyumba hajisikii anakupa sadaka. Anajisikia kapata mgeni.

Siku ya 3 na 4. Morogoro

Chalinze mpaka Morogoro ni kama kilomita 85, na malori hayana mwisho. Saa tano hivi lori lililokuwa linalipita lori jingine lilinijia usoni, nikaingia majanini. Kiwiko kilichunika na usukani ukapinda. Wauza machungwa wa kando ya barabara walifika kabla sijainuka. Mmoja alinimwagia maji kwenye jeraha. Mwingine alilibana gurudumu la mbele katikati ya magoti yake, akaunyoosha usukani kwa mikono miwili, akafunga jicho moja kupima kama umekaa sawa. Nilikaa nao saa nzima mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Waliendelea na biashara yao, na kila mteja aliyesimama alisimuliwa habari zangu upya.

Nimelala siku mbili kwenye nyumba ya masista chini ya Uluguru. Uamuzi: kuanzia sasa naondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, na ikifika saa tano niwe nje ya barabara kuu.

Siku ya 5 na 6. Dumila, Gairo

Nyanya Dumila, kupanda, viazi vitamu Gairo, baridi. Mamboya na Mpwapwa nimeamua kuziacha. Zote mbili ziko nje ya barabara kuu, na nikizifuata likizo haitatosha. Imeniuma, hasa Mpwapwa, lakini heri niseme leo kuliko kujidanganya mpaka Dodoma.

Siku ya 7. Baada ya Gairo

Kijiji hiki sikitaji. Mwenyekiti aliisoma barua yangu mara mbili, akairudisha kwa mikono miwili, akasema hawezi. Wiki iliyotangulia walipokea wageni wawili, na kulipokucha wageni hawapo na ng'ombe hawapo. Wanakijiji wamekubaliana asilale mtu wasiyemjua. Jua lilikuwa limezama.

Nilijua ana haki, na bado machozi yalinilenga. Akaingia ndani, akatoka na koti na ufunguo wa pikipiki. Alinifuata nyuma kilomita sita, polepole, akinimulikia barabara kwa taa yake, mpaka kituo cha polisi. Akamweleza askari wa zamu, akasubiri mpaka nikaonyeshwa benchi la kulalia, ndipo akageuza. Mafuta alikataa kurudishiwa.

Nimeandika jina la kijiji kwenye daftari langu, upande ule ule wa walionipokea.

Siku ya 8. Karibu na Mbande

Niko Ugogoni. Upepo umegeuka kuwa wangu. Kiangazi huku unavuma kutoka mashariki, unanisukuma mgongoni, na kuna mahali nimekwenda kilomita nzima bila kukanyaga pedeli.

Bibi niliyelala kwake alinifundisha kusema "Mbukwenyi" kabla hajaniruhusu kukaa. Nilipoitikiwa na uwanja mzima ndipo akaniletea kigoda. Tulikula ugali wa uwele na mlenda. Maji ya kunywa yaliletwa kwenye kata, ya baridi, na wajukuu wakasimama wananiangalia ninavyokunywa.

Kila aliyeandika juu ya misafara alilalamikia maji ya Ugogo. Msafara ulilipa hongo, nguo na shanga na nyaya, kwa kila mtemi, ndipo ukaruhusiwa kupita na kuteka. Neno hongo halikuwa na aibu wakati ule. Ilikuwa ada ya njia. Nimefundisha habari hii miaka mingi nikiwaonyesha Wagogo kama watu wa kutoza tu. Bibi huyu ndoo yake inatembezwa kwa miguu dakika arobaini kutoka kisimani. Msafara wa watu mia tano ukija kukunywea kisima kiangazi, ukawaachia matope watoto wako, utautoza nini? Lile swali la mwanafunzi wangu ndiyo kwanza limeanza kupata jibu: maji hayakuwa ya bure, yalikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na haki ya kuulizwa. Mimi niliuliza, nikapewa. Nusu kilo ya sukari niliyompa haikufikia hata ile kata ya kwanza.

Asubuhi nafunga mabegi, bibi katoka na furushi la karanga ndani ya kipande cha kanga. "Si unapita Bahi? Binti yangu anauza chakula pale stendi. Mpe." Hakuniomba. Aliongea kama anayemtuma mjukuu wake dukani.

Nimelifunga juu ya keria. Kama kilo moja na nusu. Nimeendesha siku nzima nikiwa na furaha ambayo sikuitegemea, na ilinichukua muda kuelewa inatoka wapi. Kwa siku saba nilikuwa mtu wa kupewa. Sasa nimetumwa.

Siku ya 9 hadi 11. Dodoma, Bahi

Dodoma nimelala siku mbili kwa mwalimu mwenzangu wa shule nyingine niliyekutana naye kwenye foleni ya kununua maji. Hakuna zaidi la kuandika, mji ni mji.

Kutoka Dodoma kwenda Bahi nilikosea. Nilitoka kwenye lami kutafuta kivuli, nikaingia kwenye mbigili. Pancha saba alasiri moja. Solusheni iliisha kwenye ya tano. Kijana aliyekuwa akichunga mbuzi aliniambia nisichomoe miiba kwanza, nizamishe gurudumu kwenye dimbwi nione povu linatoka wapi, ndipo nichomoe mmoja mmoja. Dimbwi lenyewe alinipeleka yeye. Kisha akaenda kwao akarudi na kopo la solusheni lililobaki robo.

Binti wa bibi nilimpata stendi kama nilivyoelekezwa, sufuria tatu mbele yake. Sikusema kitu, nikamnyooshea furushi. Aliitambua ile kanga kabla ya kunitambua mimi. Akainusa. Akaacha wateja, akampigia mama yake, wakaongea Kigogo muda mrefu, na mimi nikiwa nimesimama na baiskeli kama mtu wa familia anayesubiri zamu yake ya kusalimia. Kweli simu ikaletwa kwangu.

Nimelala kwake. Asubuhi: mchele wa Bahi kilo tatu, wa wifi yake Manyoni.

Siku ya 12 na 13. Manyoni, Kilimatinde

Baada ya Kintinku kuna ukuta wa Bonde la Ufa. Niliushuka mara nyingi ubaoni kwa chaki. Leo nimeupanda kwa miguu zaidi ya nusu yake, nikiisukuma baiskeli, mchele wa watu mgongoni mwa keria. Wapanda basi walinipungia mikono. Nilipofika juu nilikaa chini nikala karanga ambazo mtoto wa yule binti alinitilia mfukoni nikiwa sina habari.

Wifi wa Manyoni alinisubiri barabarani. Alikuwa amepigiwa simu, akajua nimevaa nini.

Kesho yake nimekwenda Kilimatinde na kurudi, bila mizigo. Kutoka pale juu unaiona nchi ya chini yote, ukungu wa vumbi mpaka Ugogo. Hapa misafara iliagana na nchi ya hongo ikaingia nchi isiyo na watu.

Siku ya 14 na 15. Itigi, Chaya

Vichaka vya Itigi ni kitu cha pekee: miti midogo iliyosongamana, huwezi kupitisha mkono. Ndipo inapoanza ile nyika ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali. Maji ya shida, njaa, mizigo iliyotupwa njiani. Leo inapita lami: kutoka Manyoni mpaka Chaya kilomita 89, Chaya mpaka Nyahua 85, Nyahua mpaka Tabora 85 nyingine. Lami haijaleta watu, ndiyo kwanza imeleta magari.

Ofisi ya mtendaji wa kijiji ina kitabu cha wageni, kama zilivyo ofisi zote nilizopita. Tarehe, jina, anakotoka, madhumuni, sahihi. Kwenye madhumuni nimekuwa naandika "kupita". Mtendaji huyu, kijana tu, aliweka kidole pale. "Mwalimu, kupita siyo madhumuni. Hata upepo unapita." Nikafuta, nikaandika "kupeleka salamu na mizigo". Akaridhika. Na mimi pia.

Niliwauliza juu ya kesho. Mwenyekiti akaitwa, mzee wa makamo, na wengine watatu wakajiongeza. Walijadili saa nzima nikiwa nimekaa pale pale, kama vile mashauri yananihusu kwa mbali tu. Mmoja alitaka nipakiwe kwenye lori. Mwingine alisema tembo huvuka alfajiri, nisitoke kabla jua halijawaka. Mwisho mwenyekiti akapiga simu Nyahua kwa mwenzake: "Kesho anakuja mwalimu wa kike, peke yake, baiskeli ya bluu. Anatoka hapa saa moja. Ikifika saa kumi na moja hajaonekana, toeni pikipiki." Akakata, akaniambia, "Sasa wewe ni wa Nyahua. Sisi tunakusindikiza tu."

Mama mwenye nyumba niliyolala ana mume anayefuga nyuki. Mume huyo alifika usiku kutoka porini, ananukia moshi. Aliposikia naelekea Kaliua alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama keria yangu inabeba dumu. Ana binti kaolewa huko, amejifungua mwezi uliopita, na baba hajapata nafasi ya kwenda. Asali lita tano. Lita tano za maji ni kilo tano. Za asali ni saba. Nilijua hesabu hiyo nikasema inabeba.

Siku ya 16. Mgunda Mkali, km 85

Miombo pande zote, majani makavu, mizinga ya magome imening'inia mitini kwa juu. Mbung'o walinifuata kilomita nyingi, wanauma juu ya nguo. Kimya. Kila baada ya nusu saa gari moja.

Kwenye kilomita ya 50 hivi spoku mbili zilikatika upande wa nyuma. Mzigo. Nilifungua breki gurudumu lisisugue, nikaendelea taratibu. Nilihesabu maji: lita moja na nusu. Nikakumbuka wale waliopita hapa wakiwa na frasila mbili kichwani, na wale waliopita wakiwa na mnyororo shingoni pamoja na hiyo mizigo, na hakuna mtu aliyepiga simu mbele kusema wanakuja. Nilishuka nikatembea kidogo. Sikutaka kukipita kipande hicho juu ya tandiko.

Saa kumi na robo nikasikia pikipiki. Vijana wawili wa Nyahua. Saa kumi na moja ilikuwa bado, ila mwenyekiti wao alishindwa kukaa. Waliniletea maji na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, wakataka kunichukulia dumu la asali. Nikawaambia hapana, hilo nimetumwa mimi. Wakaelewa mara moja. Wakawa wanakwenda mbele yangu kwa mwendo wa baiskeli mpaka kijijini.

Siku ya 17 hadi 19. Tabora

Hesabu hadi hapa: usiku 16. Nyumba za watu 13, masista 2, polisi 1. Hema nimelisimamisha mara moja, kwa sababu watoto wa Itigi walitaka kuliona. Pesa ya malazi, sifuri. Sukari niliyonunua, kilo tisa.

Fundi wa hapa alibadilisha spoku kwa nusu saa. Alikuwa nazo kwenye kopo la maziwa, zile zile nene. Nilimpigia simu fundi wangu wa Bagamoyo wakaongea wenyewe.

Mimi ni Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Utani huo ulizaliwa kwenye njia hii: Wanyamwezi walipofika pwani walipokewa na watu wetu, wakauguzwa, wakazikwa na watu wetu, na sisi tukija kwao vivyo hivyo. Nilikuwa naufundisha kama somo. Sokoni, mama aliyesikia natoka wapi alinyanyua fungu la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, kutoka meza ya jirani yake, siyo yake, akanitilia kwenye begi, akasema, "Mtani, deni la babu yako hilo." Jirani akacheka akaongeza fungu la pili. Usiku wote wa Tabora nimelala kwake, na mumewe amenitangaza kwa jina la Mzaramo mpaka kwa majirani.

Kwihara ni mwendo mfupi kutoka mjini. Tembe, ile nyumba ya zamani ya udongo, limekarabatiwa, kimya, mwembe mlangoni. Watu huja kwa ajili ya Livingstone, aliyekaa hapa mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Mimi nilikuja kwa ajili ya Chuma na Susi, watumishi wake. Mwaka uliofuata walirudi hapa na wenzao wakiwa wamebeba maiti yake. Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapa Unyanyembe, aliwashauri wamzike hapa hapa. Walikataa. Mzigo ulikuwa wa kufika, na ulifika Bagamoyo Februari 1874. Nilikaa kivulini nikaliangalia dumu langu la asali, lina alama ya majivu pale liliposhikwa na mwenyewe. Nalinganisha jambo kubwa na dogo, najua. Lakini nadhani waliwaza neno lile lile: tumetumwa.

Siku ya 20 na 21. Urambo, Kaliua

Urambo niliomba kupima kwenye mizani ya tumbaku. Mabegi yangu, asali, michembe, furushi mbili za Tabora, barua tatu. Kilo 33. Frasila mbili. Niliwaeleza vijana wa ghalani maana yake. Mmoja wao alitaka kujaribu kubeba kichwani. Tukamtwika, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, akatua, hakusema neno.

Kaliua. Nyumba ya bati jekundu nyuma ya stesheni. Binti alikuwa ndani na mtoto. Nikaweka dumu sakafuni. Aliifuta ile alama ya majivu kwa kidole, akampaka mtoto kidogo kwenye paji la uso. Mama mkwe akapiga vigelegele. Nimempigia baba yake. Porini mtandao hakuna, nimeacha ujumbe kwa mkewe. Baiskeli imekuwa nyepesi mpaka usukani unayumba.

Siku ya 22 na 23. Kuelekea Nguruka

Siku ndefu, kilomita tisini na zaidi, vumbi, homa kidogo usiku. Mwenye nyumba alikesha akinibadilishia kitambaa cha maji, mama wa makamo, mjane. Asubuhi homa imekatika. Aliniambia nimetaja jina la mama yangu usingizini, kwa hiyo amemuombea naye.

Nguruka. Samaki wa Malagarasi kila mahali. Hapa nimepewa mzigo wa mwisho: kitenge kipya, bado kina gundi, cha mama mmoja mzee Ujiji. Binti yake anauza samaki hapa stesheni, treni zinapopita.

Siku ya 24 na 25. Uvinza

Nimevuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete, nikasimama katikati. Salamu zimebadilika, sasa ni "mwakeye", na wazee wanapiga makofi taratibu wakisalimu, nami nimejifunza kupiga. Uvinza nimenunua chumvi badala ya sukari. Chumvi ya hapa imechemshwa na kuuzwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na wapagazi waliibeba pande zote. Kilo tatu.

Siku ya 26. Ujiji

Ziwa nililiona kwanza kama mstari wa bluu uliokaa juu kuliko ilivyopaswa.

Mwembe wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, 1871, niliupita nikaahidi kurudi. Kitenge kwanza. Niliuliza nyumba mara nne, mara ya nne nikapelekwa na mtoto aliyekimbia mbele ya gurudumu mpaka mlangoni. Bibi alikuwa barazani anachambua dagaa kwenye ungo. Nilipiga makofi, nikamwamkia, nikampa. Alikikunjua chote, akakikagua pindo zote mbili, akajifunga juu ya nguo aliyovaa, akanyanyuka akasimama ili majirani waone. Ndipo akaniuliza jina.

Tulikula ugali wa muhogo, migebuka na mawese. Nilimpa chumvi ya Uvinza. Alionja kwa ncha ya ulimi akasema ni yenyewe.

Jioni nilimweleza kwamba narudi kwa treni, tiketi ya keshokutwa, baiskeli itakwenda kwenye behewa la mizigo. Aliacha kuchambua. "Treni si inasimama Nguruka?" Inasimama, nikamwambia. Akaingia ndani, nikasikia mizani ya mkono ikigonga ukuta, akatoka na mfuko.

Dagaa, kilo mbili na nusu. Nguruka, stesheni, upande wa kushoto ukitokea Kigoma. Nimwite kwa jina dirishani, atasikia.